Wakili Alipofungwa, Faili Haikufungwa

(Hotuba iliyotolewa kwa wanaharakati na washirika wa makanisa katika kumbukumbu ya Saba Saba)



Nimeombwa nizungumze juu ya maonevu wanayotendewa mawakili na wanaharakati wanaotetea haki za binadamu. Jambo hili ni pana, nami sitaki kuwachosha kwa orodha ndefu ya majina. Nitawaeleza habari za faili moja, kisha tutaona inatufikisha wapi.

Mwaka 1987 Kenya ilikuwa imekaa miaka mitano chini ya chama kimoja kwa amri ya sheria, tangu kifungu cha 2A kilipoingizwa katika Katiba mwaka 1982. Msako wa watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya ulikuwa umepamba moto. Watu walichukuliwa majumbani mwao, wakafungiwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House, mjini Nairobi. Walipigwa, wakanyimwa chakula, wakaachwa uchi ndani ya maji, hata baadhi yao wakakiri mambo wasiyoyajua. Waliokiri walifikishwa mahakamani saa ambazo watu wamekwisha kwenda makwao, bila wakili, wakahukumiwa upesi upesi. Wengine hawakufikishwa mahakamani kabisa. Waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Watatu kati ya hao walitetewa na wakili Gibson Kamau Kuria. Wakili huyo hakushika silaha wala hakuhutubia umati. Aliiarifu serikali kwa maandishi kwamba atakwenda mahakamani kuidai kwa ajili ya mateso waliyotendewa wateja wake. Hiyo ndiyo kazi ya wakili, na ndiyo njia ambayo sheria yenyewe ilimwelekeza. Tarehe 26 Februari 1987 alikamatwa, naye akawekwa kizuizini. Hakuachiliwa hadi Desemba.

Ndugu zangu, litazameni jambo hilo kwa makini. Barua ilihusu watu waliozuiliwa bila mashtaka. Jibu la serikali lilikuwa kumzuilia bila mashtaka yule aliyeiandika. Kila wakili nchini alielewa maana yake: ukisimama kando ya mtu wa namna hii, utalala alikolala. Na hilo ndilo neno langu kubwa leo. Dola inapomwandama wakili, haimtafuti wakili peke yake. Inamtafuta mteja wake, ili imkute akiwa pweke.

Hesabu yao ilikuwa hiyo, lakini haikutimia. Kiraitu Murungi, aliyekuwa mshirika wa Kuria katika ofisi yao, aliichukua kesi ile ile, akaiongezea na shauri la mwenzake. Hivyo wakili akawa mteja, na faili iliyokusudiwa kufungwa ikazidi kunenepa. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Murungi alikiona kichwa cha mwenzake kikinyolewa, naye hakutia maji, bali alikwenda kuuliza ni nani aliyeleta wembe.

Maonevu hayakukoma Kuria alipotoka. Mwaka 1988 alitunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy huko Marekani, asiweze kwenda kuipokea kwa sababu pasipoti yake ilikuwa mikononi mwa serikali. Alikwenda mahakamani kuidai. Kifungu cha 84 cha Katiba ya wakati huo kilisema wazi kwamba mtu aliyevunjiwa haki zake aweza kuiendea Mahakama Kuu. Kifungu hicho hicho kilimpa Jaji Mkuu uwezo wa kutunga kanuni za kuendeshea mashauri hayo. Kanuni hazikuwa zimetungwa. Jaji Norbury Dugdale akaamua kwamba, pasipo kanuni hizo, kifungu hicho hakiwezi kufanya kazi. Kwa maneno mengine, haki zimo ndani ya nyumba, mlango upo, lakini ufunguo haujachongwa, na mwenye kuuchonga ni mmoja wa wenye nyumba. Raia abaki barazani.

Mnamo Julai 1990 Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga walikamatwa kwa sababu ya madai ya vyama vingi. Mawakili John Khaminwa, Mohamed Ibrahim na Gitobu Imanyara, mhariri wa jarida la Nairobi Law Monthly, wakakamatwa nao. Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani, kisha akaenda uhamishoni. Tarehe 7 watu walikwenda Kamukunji bila viongozi wao, na damu ikamwagika. Ndiyo sababu tumekutana leo.

Je, mawakili wakiwa kizuizini na uhamishoni, nani aliishika faili? Waliishika akina mama. Februari 1992 mama za wafungwa wa kisiasa walikaa katika bustani ya Uhuru, pamoja na Wangari Maathai, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wale wakavua nguo zao kuwa laana juu ya waliowapiga. Kisha wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hata wana wao karibu wote wakatoka gerezani. Washirika wa makanisa wanamkumbuka yule mjane wa Injili aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara bila kuchoka. Wajane wa namna yake tuliwaona kwa macho yetu. Na kanisa lililowafungulia mlango lililipa gharama yake: Julai 1997 polisi waliingia katika kanisa hilo hilo, na Mchungaji Timothy Njoya akapigwa humo ndani.

Faili ile ilizaa nini? Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Mwaka 1997 mamlaka ya kuwazuilia watu bila mashtaka yalifutwa. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa katika Nyayo House, miaka 23 baada ya wakili kufungwa kwa kusema kwamba watu wanateswa. Katiba mpya ilizinduliwa mwezi uliofuata. Fungueni Ibara ya 22, sehemu ya nne. Inasema kwamba ukosefu wa kanuni hauwezi kumzuia mtu kwenda mahakamani kudai haki zake. Wengi huipita sehemu hiyo kwa haraka. Mimi kila niisomapo naiona pasipoti ya Kuria. Ule ufunguo ambao haukuchongwa, wananchi waliuchonga wenyewe kwa kura zao.

Lakini ningewadanganya kama ningeishia hapo. Baadhi ya waliotetea na waliotetewa waliingia serikalini, na maonevu hayakukoma. Machi 2009 Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wakikusanya habari za mauaji ya polisi, walipigwa risasi wakiwa garini karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, saa chache baada ya msemaji wa serikali kulishutumu shirika lao hadharani. Juni 2016 wakili Willie Kimani alitekwa nyara baada ya kutoka mahakamani Mavoko, yeye, mteja wake aliyekuwa amemlalamikia afisa wa polisi, na dereva wa teksi. Miili yao ilitolewa mtoni. Mawakili nchini waliandamana, kesi ikafuatwa kwa miaka sita, na mwaka 2022 polisi watatu na raia mmoja wakapatikana na hatia. Mwaka 2024 vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha walichukuliwa na watu waliojifunika nyuso.

Hapa pana tofauti ya kuogopesha. Amri ya zamani ya kizuizini, kwa uovu wake wote, ilikuwa karatasi. Ilipaswa kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mtu angeweza kuishika na kuipinga. Gari lisilo na nambari halina karatasi. Sheria mbaya ilipoondolewa, waliozoea kuitumia walijifunza kufanya kazi bila sheria yoyote. Kwa hiyo kazi yetu sasa ni kuiandika sisi karatasi ambayo wao hawataki iwepo.

Nawasihi mfanye mambo matatu. Kwanza, mtu akichukuliwa, andikeni papo hapo saa, mahali, nambari ya gari kama ipo, na majina ya walioona. Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na haki ya kuomba amri ya kuletwa mbele ya mahakama haipunguzwi na sheria yoyote. Wakili bila maelezo hayo ni mkulima bila jembe.

Pili, kesi yoyote ya hatari isiwe na wakili mmoja. Awepo wa pili anayeijua faili tangu mwanzo, ili wa kwanza akizuiliwa, wa pili asimame kesho yake asubuhi. Nanyi washirika, nendeni mkaketi katika mabenchi ya mahakama. Hakimu anayetazamwa na watu hamsini si sawa na hakimu asiyetazamwa na mtu.

Tatu, kumbukeni nyumba ya mtetezi. Wakili anayeandamwa hukimbiwa na wateja wenye fedha. Kodi ya ofisi hailipwi, na watoto hurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sadaka yenu iende huko pia, pamoja na maombi, na maombi yamtaje kwa jina.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1987 serikali ilidhani imekamata kidole hicho kimoja, ikasahau mkono. Mtu yeyote aliyekaa hapa aweza kuitwa kesho aishike faili ya mwenzake. Akiitwa, asiulize kama ni zamu yake.