Tunauza picha, hatuuzi hadithi

Maneno ya komite kabla ya kufungua mnada, Baraka

Aksanti kwa kuacha shamba, soko na ziwa ili kuja hapa. Hatutakawia, maana mnada wenyewe njo kazi ya leo. Lakini kuna maneno ya kusema kabla ya bei ya kwanza kutajwa, kwa sababu mkutano uliopita kuna watu walirudi nyumbani na uchungu.

Mama mmoja alisimama akauliza: "Manjanja ya darasa la tatu yametoboka, watoto wanasoma huku wanalowa, na ninyi komite mnatuletea habari ya michoro?" Swali lake lilikuwa la haki, na ile siku hatukumjibu vizuri. Leo tunajaribu.

Mama, mchango wa manjanja una sanduku lake, na hata franka moja haitatoka humo kwa ajili ya kazi hii. Lakini manjanja peke yake hayamfundishi mtoto kusoma. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta ni ya bure, madarasa yamejaa mpaka mlangoni. Na wote mnakumbuka yale makatoni ya vitabu tuliyopewa. Yalifika, tukapiga makofi, tukapiga foto. Mwaka uliofuata tulipopita kwenye ile shule, vitabu vilikuwa bado ndani ya kabati, kufuli juu, vipya kabisa. Hakuna aliyeiba. Mwalimu aliogopa vitachafuka, mtoto aliogopa kuomba. Kwa mtoto yule kitabu ni kitu kinachotoka kwenye katoni, kama mafuta ya msaada. Hajawahi kumuona mtu aliyekiandika.

Njo maana tunataka mwandishi afike darasani mwenyewe. Mnamjua: mwaka wa 1996 alivuka Tanganyika mgongoni mwa mama yake, akasomea kambi ya Nyarugusu, akarudi huku kama sisi. Kitabu chake ni cha mtoto anayerudi kwenye kijiji asichokijua, na mchoraji wetu alikichora chote kwa mkono, kwa wino na rangi za maji.

Wengine wanasema hii ni mambo ya Ulaya. Basi tuwape habari ya Ulaya. Jella Lepman alikuwa mwandishi wa gazeti, Myahudi wa Ujerumani, aliyekimbilia London kwa sababu ya Wanazi. Mwaka wa 1945, vita ilipokwisha, alirudi kwao. Alikuta miji imekuwa vifusi na watoto wana njaa. Akaandikia nchi 20 akiomba vitabu vya watoto, na mwaka wa 1946 akavionyesha München. Mwaka wa 1949 maktaba ya vijana ilifunguliwa palepale, na mpaka leo inafanya kazi. Yeye naye alikuwa mrudi. Alijua kwamba mkate na kitabu havigombanii mtoto mmoja.

Na si Ulaya tu. Dominique Mwankumi ni Mkongomani, anaandika na kuchora mwenyewe. Kitabu chake *Prince de la rue*, juu ya mtoto wa barabara za Kinshasa anayetengeneza vitu vya kuchezea kwa waya, kilichapishwa Paris. Watoto wetu hapa pia wanatengeneza magari ya waya. Nani amewaambia kwamba hilo gari lao linaweza kuingia ndani ya kitabu?

Sasa tueleze mnada. Foto iliyo ndani ya kitabu ni nakala. Tunachouza leo ni ile karatasi ya kwanza, aliyoishika mchoraji. Mkisogea mtaona alama za penseli, na pale alipokosea akapaka nyeupe juu. Karatasi ya namna hiyo ni moja tu duniani. Kila mtu anataja bei, anayewapita wengine njo anachukua.

Kanuni ni nne. Ya kwanza: anayenunua ananunua karatasi, hanunui hadithi. Hana ruhusa ya kuichapisha kwenye kalenda wala kwenye kitenge. Haki hiyo inabaki kwa mchoraji na mwandishi.

Ya pili: robo ya kila bei inarudi kwa mchoraji. Kuna mwanamemba alisema angetoa bure, ni mtoto wetu. Tulikataa. Seremala anayetutengenezea mabanki tunamlipa, na yeye pia ni mtoto wetu.

Ya tatu: tunajua mfuko wa mfadhili na mfuko wa mwenye kuuza ndagala hailingani. Kwa hiyo watu wa likelemba moja wanaweza kujiunga na kutaja bei moja. Foto itatundikwa nyumbani kwa zamu, kama vile mnavyopokezana pesa.

Ya nne: pesa inayobaki ni ya safari za mwandishi tu. Italipa moto mpaka Mboko na mpaka Sebele, chakula chake, daftari na biki za watoto, na vitabu vitakavyobaki shuleni nje ya kabati. Hakuna mtoto atakayeombwa franka. Mwandishi hatakuja kutoa hotuba na kuondoka. Atasoma, watoto watauliza, kila mmoja ataandika ukurasa wake. Mwalimu akikubali kuwaachia watoto vitabu bila kufuli, mwandishi atarudi mara ya pili. Hesabu yote mtaisoma katika gazeti letu, iliyoingia na iliyotoka, hata kama ni kidogo na inatupa haya.

Imebaki foto moja, na hii imetugawanya komite usiku mzima. Ni ile ya meli. Waliopanda Mwongozo kutoka Kigoma wanaijua bila kusoma maneno: magodoro, masufuria, mama anayetazama milima ya kwetu huku amefunika mdomo kwa mkono. Mfadhili mmoja alishatoa bei nzuri, na ingelipa safari nyingi. Lakini wamama watatu walikuja kwa katibu, hawakuwa na pesa, walisema tu: "Ile ni sisi."

Tumeamua haiuzwi. Mfadhili wetu alielewa, na tunamshukuru mbele yenu. Itasafiri na mwandishi shule kwa shule, ndani ya plastiki, ili mtoto aliyezaliwa hapa aone mzazi wake alivyofika, na aone kwamba mkono wa mtu njo ulichora.

Zile nyingine ziko ukutani. Sogeeni, mziangalie karibu, msione haya. Mama wa swali la manjanja tumemwekea kiti mbele, na tumemuomba ataje bei ya kwanza. Amekubali, ila amesema atataja ndogo.

Tuanze.