NYASI ZA OFISINI NA MIMEA YA ASILI

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi



Mwanachama anayetoka kihambani kwake, katika miteremko ya Kilimanjaro, kuja kufuatilia malipo ya kahawa yake, huacha nyuma yake bustani yenye hazina kubwa. Juu husimama miringaringa. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Na chini kabisa, magimbi, mboga na majani ya ng'ombe. Wataalamu waliochunguza vihamba hivyo wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea, na iliyo mingi kati ya hiyo haikupandwa na mtu.

Mwanachama huyo afikapo ofisini, mara nyingi hukuta mbele ya mlango kiwanja cha nyasi za aina moja, zilizokatwa fupi, zisizoliwa na mtu wala kuguswa na mbuzi. Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Mali ya wanachama hutumika kutunza kitu ambacho wanachama wenyewe wasingekipanda makwao.

Desturi hiyo ilitoka mbali. Katika karne ya 17 na 18, matajiri wa Uingereza waliacha ardhi iliyo mbele ya majumba yao iwe nyasi tupu, ili kila apitaye ajue kwamba mwenye nyumba hana haja ya kuilima. Nyasi zilikatwa kwa mikono au kulishwa kondoo, mpaka mwaka 1830 Edwin Budding alipobuni mashine ya kuzikata. Nchi ile hupata mvua karibu miezi yote, kwa hiyo nyasi hukaa kijani bila taabu kubwa. Desturi hiyo ilipohamia nchi zenye kiangazi kirefu, heshima ilikuja pamoja na gharama.

Gharama hiyo yafaa ihesabiwe kama hesabu nyingine za chama. Uchukuliwe mfano wa kiwanja chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, yaani mita za mraba 300. Kukinywesha maji ya kina cha milimita 25 kwa juma kunahitaji lita 7,500, ambazo ni ndoo 375 za lita 20. Kiangazi cha majuma kumi humeza lita 75,000. Maji hayo hutoka bombani kwa ankara, au kisimani kwa jasho la mtunza bustani. Na mara nyingi hutoka katika mfereji uleule unaongojewa na mashamba yaliyo chini.

Hata nchi tajiri zimeanza kurudi nyuma. Katika eneo la Las Vegas, jimbo la Nevada, Marekani, ambako ni jangwa, mamlaka ya maji imekuwa ikiwalipa watu wanaong'oa nyasi tangu mwaka 1999. Imeonekana kwamba kila mita ya mraba iliyobadilishwa huokoa takriban lita 2,200 za maji kwa mwaka. Mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kuzuia, kuanzia mwaka 2027, maji ya mto Colorado yasinyweshewe nyasi za pambo zisizotumiwa na mtu, isipokuwa katika nyumba za familia moja moja.

Mimea ya asili ni ipi basi? Swali hili lisijibiwe kwa mazoea. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini. Mkrismasi ulitoka Madagaska. Kinyume chake, mkwaju, ambao jina lake la kitaalamu huutaja kama mti wa India, ni mti wa Afrika. Hata ukoka ni mwenyeji wa bara hili. Kosa si la jani lenyewe, bali ni kulinyoa na kulinywesha ili lisionekane kuwa jani la kiangazi.

Tena, mmea ni wa asili kwa mahali pake. Ua dogo la zambarau la Usambara, lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892 na sasa hupamba madirisha duniani kote, hupenda kivuli na unyevu. Likipandwa penye jua kali litakufa. Chama cha nyanda kavu kifikirie mkwaju, mgunga na mishubiri. Chama cha milimani kifikirie mringaringa na isale, mmea ambao Wachaga huweka mipaka kwao na kuombea msamaha. Wazee wa mahali ndio wenye orodha iliyo bora, nao waulizwe kwanza. Miche itokane na mbegu na vipandikizi, isichimbwe msituni.

Faida yake si maji peke yake. Maua ya mshubiri huwaita chozi, na maua ya mringaringa huwaita nyuki. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kutolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba matunda ya kahawa ambayo maua yake yalitembelewa na wadudu yalikuwa mazito zaidi kwa kiasi cha asilimia 7; na mahali ndege na popo walipozuiwa, matunda yaliyoshika yalipungua kwa asilimia 9 hivi. Bustani moja ya ofisi haitaongeza mavuno ya kata nzima. Lakini ofisi ni mahali ambapo kila mwanachama hufika, na kinachoonekana pale huigwa.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Wengine watasema kwamba wageni watadhani ofisi imetelekezwa. Dawa yake ni mpango: njia iliyonyooka, kingo za mawe, na mimea iliyopangwa kwa kimo. Wengine wataogopa nyoka. Basi, mita chache kuzunguka kuta na mlango ziachwe wazi na kufagiliwa kila siku. Mizinga isiwekwe hapo, kwa kuwa nyuki wa nchi hizi ni wakali. Pia, sehemu ya nyasi iliyo chini ya mti, wanapoketi watu siku ya mkutano, ibaki. Hiyo ina kazi.

Kazi ifanywe kwa vipande. Theluthi moja ya kiwanja yatosha kwa mwaka wa kwanza. Nyasi zing'olewe wakati wa kiangazi, na mizizi ya ukoka ianikwe juani, kwani kipande kidogo kikibaki huchipua tena. Miche ipandwe masika yaanzapo, kisha ardhi ifunikwe kwa majani makavu au makapi ya kahawa. Katika kiangazi cha kwanza miche inyweshewe. Baadaye itajitegemea kadiri mizizi inavyozama.

Jambo la mwisho lahusu mtu. Kuokoa maji kusiwe sababu ya kumwondoa mtunza bustani. Yeye ndiye atakayepogoa, atakayekuza miche na kuwagawia wanachama, na fyekeo lake halitakosa kazi. Uamuzi uletwe mbele ya mkutano mkuu pamoja na hesabu ya maji ya mwaka uliopita, uandikwe katika kumbukumbu, na mwaka ufuatao hesabu hiyo isomwe tena. Wanachama wakisikia tarakimu mbili zikisomwa pamoja, wataamua wenyewe juu ya theluthi mbili zilizobaki.