Intaneti ya kijiji: nani atanunua batri ya pili?

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kwa ajili ya wale hawakufika.)

 

Mlituuliza swali moja: ile antena ya intaneti ambayo inaweza kuletwa hapa, umoja uikubali ao uikatae? Hatukuja kuwauzia kitu. Tumekuja kueleza namna inafanya kazi na kile inaomba kila mwezi, kisha ninyi wenyewe mtajibu.

Hitaji lenyewe tunalijua wote. Wengi wenu mlivuka ziwa kutoka Kigoma kuja Baraka, tangu mwaka 2005, kisha Kongo, Tanzania na HCR kutia sahihi mapatano ya kurudisha watu. Lakini familia hazikurudi nzima. Mmoja yuko hapa, mwingine alibaki Nyarugusu, mwingine yuko Marekani ao Kanada. Mama anapanda mlima kutafuta rezo ili amsikie mtoto wake, anarudi jioni hajampata. Mwanafunzi kisha egizame ya serikali anangoja matokeo, anatuma jina lake kwa mtu wa mjini amwangalizie. Na yule ambaye rezo iko kwake ananunua mega za siku, zinaisha mbele ya jua kuzama. Ndiyo maana hatukubali wanaposema intaneti ni anasa ya watu wa mjini. Mtu wa mjini anaweza kwenda ofisini kwa miguu. Mtu wa huku analipa pikipiki.

Juu ya nini ni ghali hivi? Kongo iko na mlango mdogo tu wa bahari, kule Muanda, na kebo ya chini ya bahari inayoitwa WACS ilianza kutumika pale mwaka 2013. Toka Muanda mpaka huku kwetu ni zaidi ya kilomita 1800, kwa mstari wa ndege. Kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti ya mashariki inatoka upande mwingine, Bahari ya Hindi, inapita Mombasa ao Dar es Salaam, inakata inchi mbili tatu, na kila anayeipitisha anakata pesa yake. Ikifika kwetu, mnara unaomba mazutu, na mazutu inapita barabara ambayo ninyi mnaijua kuliko sisi. Kampuni inapiga hesabu: kijiji hiki watu wangapi watanunua? Ikiona hesabu haitoki, haileti mnara. Hawana chuki na ninyi, ni biashara.

Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti iliweka shabaha: ikifika 2025, bei ya intaneti ya kiwango cha chini isipite asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Tufanye hesabu hiyo kwa Kongo. Pato la mtu kwetu ni kama dola 600 kwa mwaka, ndiyo kusema dola 50 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni dola moja. Dola moja kwa mwezi! Mlio na simu mkononi mnajua wenyewe mnatumia ngapi.

Sasa njia ambayo tunaleta kwenu. Ni kama kununua gunia ya unga pamoja na kugawana, kuliko kila mtu kununua kikombe kila siku. Kijiji kinalipia laini moja kubwa. Inaweza kutoka mjini kwa antena mbili ndogo zinazotazamana, ao inaweza kutoka angani kwa sahani ya setilaiti. Antena zinazotazamana zinaweza kuruka kilomita makumi, ziwa pia zinavuka, kama katikati hakuna mlima wala mti mkubwa. Zinaomba kitu kimoja: zionane kwa macho. Milima ambayo inatusumbua barabarani, hapa inaweza kuwa rafiki, juu ukiweka antena kwenye kilele, vijiji vingi vinaiona.

Setilaiti nayo imebadilika. Zile za zamani ziko juu kilomita karibu 36 000, ndiyo maana ukisema allo unangoja jibu. Hizi mpya za Starlink ziko kama kilomita 550, sauti haichelewi. Lakini mkumbuke: mwezi wa tatu 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia simu inchini, ilikataza vyombo hivyo, kisha mwezi wa tano 2025 ikatangaza kuvipatia ruhusa. Kwa hiyo mtu asikubali sahani iliyopita mpakani kwa mfuko wa mchele. Ikikamatwa, inakamatwa na pesa ya umoja mzima. Kuna Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano. Karatasi tuitafute mbele ya antena.

Hii si ndoto ya sisi watu wa shirika. Katika Kivu hii yetu, kisiwa cha Idjwi kilipata Pamoja Net: laini ilirushwa juu ya ziwa kwa redio, na mashirika na wafanyabiashara wakalipa ili mwananchi wa kawaida naye apate. Kule Afrika Kusini, kijiji cha Mankosi kilifungua koperative yake inayoitwa Zenzeleni, ikaandikishwa mwaka 2014. Hao wanatufurahisha sana, juu hawakuanza na intaneti kubwa. Waliweka pano za jua kwenye nyumba za watu, wakaanza kuchaji simu za majirani kwa malipo kidogo, na pesa hiyo ikasaidia kubeba mtambo. Na Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa kanisa katoliki ulianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za waliokimbia vita, kwa antena za mbali na kompyuta za kutumia jua. Watu wale walikuwa kama ninyi, walingoja siku ya kurudi kwao.

Tufike kwenye batri, juu ni hapo miradi inakufa. Tumetembea sana huku, na ile tunaona mara nyingi ni pano nzuri juu ya nyumba, na chini yake batri iliyokufa. Mfadhili alilipa ya kwanza, hakuna aliyejua nani atalipa ya pili. Hesabu si ngumu. Antena nne ndogo na ruta zinakula kama wati 30. Mara saa 24, ni wati-saa 720. Batri ya maji ya volti 12 na ampea 100 inabeba wati-saa 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua, basi ihesabuni kuwa 600. Usiku mmoja inavumilia, siku mbili za mvua haivumilii. Litiamu ni ghali zaidi lakini unaweza kutumia karibu yote, na inaishi miaka mingi zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, batri inagharimu dola 180 na inaishi miaka mitatu: ni dola 5 kila mwezi kuweka pembeni, tangu mwezi wa kwanza, hata kama batri ingali mpya. Msipoziweka, msijenge.

Na radi, msisahau. Milima ya Kivu ndiyo ya kwanza Afrika nzima kwa radi. Waya wa kushuka ardhini ni bei ndogo, lakini fundi mwenye haraka anauruka. Simameni naye mpaka auweke.

Malipo ya laini: kama mwezi unaomba dola 100, na familia 80 zinalipa, ni dola moja na robo kwa familia. Zikibaki 40, ni mbili na nusu. Kwa hiyo msihesabu wale wanaopiga makofi leo. Hesabuni wale ambao wataleta franka mwezi wa sita. Video nazo zina adabu yake: saa moja ya filamu inaweza kula karibu giga nzima, na ujumbe wa sauti kwa shangazi yako Kigoma haumalizi hata mega moja ao mbili. Mchana tutaifungia filamu njia, usiku tutaiacha. Vijana mtanung'unika, lakini dada wa kituo cha afya akituma ripoti hawezi kungoja mpira wa miguu uishe. Kwa shule tunaweza kuweka mashini ndogo yenye programu ya Kiwix, ambayo inabeba Wikipedia, ya kifaransa na ya kiswahili pia. Watoto watasoma bila kula mega, hata siku laini imekatika.

Kuna mambo mawili ambayo tunayasema kwa uzito. La kwanza: pesa isitoke katika sanduku ya matibabu na matanga. Tumesikia wengine wakipendekeza hivyo, tukope hapo tu, tutarudisha. Sisi tunakataa. Mgonjwa hangoji faida ya wifi. Fungueni sanduku nyingine, ndogo, na daftari yake.

La pili: umoja ni wenu ninyi mliorudi, lakini antena isiwe yenu peke yenu. Waliobaki hapa miaka yote ya vita wako na macho. Mliporudi mliwakuta katika mashamba, na mnajua maneno yaliyotoka hapo, mengine hayajaisha. Kukiwa na mnara ambao mtoto wa aliyebaki anafukuzwa chini yake, hakuna mlinzi atakayeulinda usiku. Komite iwe nusu kwa nusu, bei iwe moja, na ufunguo wa sanduku ya pesa ushikwe na wawili, mmoja wa kila upande. Tungependa pia mmoja wao awe mwanamke, juu katika vikundi vya akiba tumeona daftari za wamama zinafungwa sawasawa.

Sasa tunaomba hivi. Kabla ya mkutano ujao, chagueni watu wanne, wawili waliorudi na wawili waliobaki, tupande nao mlimani asubuhi kuangalia kama mji unaonekana. Mwenye shamba la kilele aulizwe mbele, si kisha. Nasi tutakuja na bei tatu kutoka kwa wauzaji tofauti, zimeandikwa, ili mzisome wenyewe. Mkisema hapana, tutabeba karatasi zetu, na ziara za shule zitaendelea kama kawaida.