Mshindo wa Kutua: Mtoto Anayeruka na Mfupa Unaokua



Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huukuta mfupa mezani umekauka, mweupe, na wengi huamini hadi wanahitimu kwamba ni kitu kilichokufa. Mfupa ulio mwilini una damu na neva, na ndani yake zimo seli zilizoshikana kupitia vijifereji vyenye majimaji. Mtoto akitua kwa kishindo, mfupa hupinda kidogo mno, jicho halioni. Majimaji husukumwa, seli hushtuka, na seli za kujenga mfupa huitwa kazini. Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Berlin aliandika kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Likabaki swali: mzigo gani, na mara ngapi?

Jibu lililonishangaza zaidi lilitoka kwenye bawa la ndege. Mwaka 1984 Clinton Rubin na Lance Lanyon walionyesha kwamba mfupa wa bawa usiobebeshwa kitu hupungua. Kuukandamiza mara 4 tu kwa siku kuliuzuia usipungue, na mara 36 kukaunenepesha. Walipofika mara 1,800, hawakupata zaidi ya walichopata kwa 36. Yaani mfupa huchoka kusikiliza upesi sana.

Kwa watoto, jaribio ninalolipenda ni la Robyn Fuchs, Jeremy Bauer na Christine Snow, wa Oregon nchini Marekani, lililochapishwa mwaka 2001. Watoto 89 ambao hawajabalehe waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyoosha viungo tu. La pili lilipanda sanduku la sentimita 61 na kujirusha chini, miguu yote miwili kwa pamoja, mara 100 kwa kipindi, vipindi 3 kwa wiki, kwa miezi 7. Sakafu ilimrudishia kila mtoto nguvu ya mara 8 hivi ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 25 hizo ni kilo 200, kwa kufumba na kufumbua. Mwishoni warukaji waliwazidi wenzao kwa asilimia 4.5 ya madini kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale nyongani, na asilimia 3.1 kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni.

Mtasema ni kidogo. Lakini kabla ya balehe mfupa hujiongezea zaidi upande wa nje, na fundi baiskeli yeyote atawaambia bomba pana halipindi kirahisi kama jembamba. Umri nao una neno. Pekka Kannus na wenzake nchini Finland, mwaka 1995, walipima mikono ya wanawake wacheza tenisi na skwoshi. Tofauti kati ya mkono wa kuchezea na ule mwingine ilikuwa kubwa mara 2 hadi 4 kwa walioanza kabla ya kuvunja ungo au wakati huo, ikilinganishwa na waliochelewa sana.

Sasa tuje kwenye mchakamchaka, zile mbio za pamoja za shuleni. Sitaki ufutwe, maana moyo na mapafu vinauhitaji. Ila hatua elfu moja zinazofanana haziuambii mfupa jambo jipya, na kuogelea, pamoja na uzuri wake wote, hakuna mshindo. Kuruka kamba kunao. Rede, mchezo wa kukwepa mpira, nayo inao: binti aliye katikati huruka, hujipinda, hugeuka ghafla, na mfupa wake hupigwa kutoka pande usizozizoea. Dakika chache asubuhi na nyingine mchana zinatosha, mradi mtoto ale vizuri, dagaa na maziwa vikiwemo. Mwenye selimundu aonwe na daktari kwanza, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuharibu nyonga.

Watoto wa Oregon walipimwa tena miezi 7 baada ya kuacha kuruka. Faida ya uti wa mgongo haikuonekana tena kwa uhakika. Ile ya nyonga, mahali ambapo wazee huvunjika, ilikuwa bado ipo.