Bei ya Siku Kumi na Moja

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka

  

Kila mwaka kamati hii husimama na kuwasomea hesabu. Za mwaka huu mmeshagawiwa. Leo tunaomba tuanze na hesabu ndogo ambayo haimo kwenye makaratasi hayo. Ni ya nyumbani kwetu, sisi ndugu wanne, watoto wa fundi mashua wa hapa hapa Bagamoyo.

Marehemu baba alikuwa na gitaa kavu. Mwenyewe aliliita galatoni. Jina hilo limetokana na Gallotone, alama ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Alilinunua kwa baharia kabla hata mmoja wetu hajazaliwa. Vijana huenda wasijue uzito wake. Enzi hizo bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz ya Jeshi la Polisi. Vyombo vilikuwa vya bendi. Mpigaji akihama, aliondoka na vidole vyake tu. Mtu kuwa na gitaa lake mwenyewe ilikuwa kama mvuvi kuwa na mashua yake.

Nyuzi zilipokatika na madukani hamna, baba alifunga nyaya za breki za baiskeli. Hewa ya chumvi ilipoachisha gundi, alibandika upya kwa mikono ile ile iliyokuwa ikipigilia mbao za mashua. Jioni alilipiga barazani, na watoto wa mtaa mzima walikuja kukaa chini.

Mwaka 2009, baba akiwa ameshafariki, mama aliugua. Hospitali moja ya jijini ilitutaka tulipe shilingi 400,000 kabla ya upasuaji. Tulikusanya 310,000. Zilipungua 90,000. Ilikuwa tarehe 14, na mishahara yetu ilikuwa inaingia tarehe 25. Kila tuliyemwendea kukopa naye alikuwa akiisubiri tarehe hiyo hiyo.

Wawili wetu tukalibeba gitaa hadi Kariakoo, tukalitembeza duka kwa duka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ile tuliona kwamba hata chema hujitembeza, mwenyewe akiwa na shida. Mwenye duka wa nne aliuliza, "Mnataka ngapi?" Tukasema 90,000. Hatukumtajia bei ya gitaa, tulimtajia pengo letu. Akahesabu fedha, akatupa.

Mama alipasuliwa, akapona, akaishi miaka sita zaidi. Kwa hiyo hatujuti kuuza. Kinachotuuma ni namna tulivyouza. Wiki iliyofuata tulipita pale, tukalikuta limetundikwa ukutani kwa shilingi 350,000. Mwenye duka hakutudhulumu. Aliuliza bei, tukaitaja sisi wenyewe. Tofauti ile ya 260,000 ndiyo tuliyolipa ili tusisubiri siku kumi na moja. Hakuna benki tuijuayo inayotoza kiasi hicho.

Baadaye tulisoma kwamba gitaa la aina ya Gallotone, alilolipiga John Lennon akiwa kijana kabla ya Beatles, liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 100,000. La baba yetu halikuwa la Lennon, na hatudai lilistahili fedha hizo. Lakini chombo cha kale hupandishwa bei na mambo matatu: hali yake, sehemu zake za asili, na historia ya mwenye nacho inayoweza kuthibitishwa. Yote matatu yanataka muda. Unampelekea fundi, unamtafuta mjuzi, unamsubiri mnunuzi wa pili na wa tatu. Sisi hatukupata muda hata wa kulipiga picha.

Ndugu zetu, kisa hiki si cha gitaa peke yake. Tangu habari za bandari ya Mbegani zilipovuma mwaka 2013, sote tumeona viwanja vya babu zetu vikiuzwa kwa mtindo huo huo, Zinga, Mlingotini na kwingineko. Mtoto amefaulu na ada haipo, mgonjwa yuko kitandani, dalali yuko mlangoni. Muuzaji hutaja pengo lake, na kiwanja huondoka kwa bei ya pengo.

Ndiyo maana tunaomba michango ya mwaka huu ianzishe Mfuko wa Dharura. Mwanachama aliyebanwa na ugonjwa au ada atakopeshwa hadi shilingi 300,000, bila riba, kwa miezi sita. Mwenye kitu cha thamani atakiweka kwa chama kama rehani, kwa maandishi na mbele ya mashahidi wawili, na akimaliza kulipa atarudishiwa. Akiamua kuuza, atauza kwa nafasi yake, na tutamsaidia kutafuta bei.

Hesabu yake ni nyepesi. Wachangiaji 600, kila mmoja shilingi 20,000, ni milioni 12. Hizo ni dharura 40 kwa wakati mmoja, na fedha zikirudi zinawasubiri wengine. Kila mchango utakatiwa stakabadhi, kila mkopo utatolewa kwa saini tatu, na hesabu zitasomwa hapa hapa mbele yenu kila mwaka. Asiyerudisha anamfungia mlango jirani yake, kwa hiyo tutamfuata nyumbani, kwa heshima, lakini tutamfuata.

Gitaa la baba hatulijui lilipo. Tumebaki na picha moja ya harusi, baba amesimama pembeni, na shingo tu ya gitaa ndiyo inayoonekana. Tunajua wengi wenu mna kitu cha namna hiyo ndani: kasha la bibi, mlango wa nakshi, hati ya shamba. Tuchange ili siku ya shida mtu asikitoe kwa sababu ya siku kumi na moja.

Bahasha ziko kwenye meza ya mhazini. Sisi ndugu wanne tumeanza na shilingi 260,000.