Kijana wa Cheyo Anafuata Nini Ughaibuni?

Tutazame jambo moja: kwa nini kijana wa Cheyo, hapa Tabora, atamani kusoma katika nchi asiyoijua lugha wala chakula chake?

Kwanza, hamu hii si ngeni kwetu. Karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo. Ujira ulikuwepo, ndiyo, lakini aliyeiona pwani alirudi akihesabiwa mwanamume kamili. Mwaka 1949 Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora, alikwenda Edinburgh, Uskoti. Alirudi 1952 na shahada ya M.A. 1954 chama cha TANU kikazaliwa, naye akiwa kiongozi wake.

Nami naamini ugeni wenyewe ni shule. Ukiwa ugenini, hata namna ya kumsalimia mwalimu inakubidi uifikirie upya, na hapo ndipo unapoanza kuyaona ya kwenu.

Sasa tugeukie upande wa pili. Mzazi anauza ng'ombe, anamalizia na fedha ya tumbaku ya msimu mzima, ili apatikane nauli na ada. Na wapo wanaoondoka kwa sababu tu cheti cha nje kinaheshimiwa zaidi. Hilo linaniuma, maana Chuo cha Utumishi wa Umma tunacho, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kiko hapa hapa.

Je, mzazi, mwanao akikuletea fomu jioni hii, utamuuliza anakwenda kusomea nini tu, au pia anataka kuishi na watu gani, na kwa nini?