Fundi wa Miti na Cheti Kimfaacho
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya ombi la mwenzetu mmoja, fundi wa miti, atakaye mkopo wa masomo katika mfuko wa Chama. Na kwa kuwa wazee kadha wameniuliza, "Je, kukata miti nako kuna shule?" naona yafaa nianze hapo.

Fundi wa miti si mpasua mbao wala si mkata kuni. Yeye huitwa mahali ambapo mti umesimama baina ya nyumba, ukuta, njia ya watu na nyaya za umeme, wala hauwezi kuangushwa hivi hivi. Huukwea kwa kamba na mkanda, msumeno wa injini ukining'inia kiunoni, akauondolea matawi makavu, akaupunguzia uzito, au akaushusha kipande kwa kipande. Mikaratusi ambayo asili yake ni Australia, na mijakaranda ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, mingi imekwisha kuwa mirefu na mizee katika mitaa ya Nairobi. Mvua za masika zikilowesha udongo na upepo ukavuma, mingine huanguka juu ya magari na mapaa. Basi kazi ipo, na si kazi ya mchezo.

Mwenzetu ameifanya kazi hii miaka mingi, na mikono yake inaijua. Sasa ataka kuendelea, na mashauri aliyopewa ni mengi. Mmoja amwambia asome usimamizi wa biashara jioni. Wa pili amwambia aende Chuo cha Misitu cha Londiani, kilichoanzishwa mwaka 1957. Wa tatu amwambia atafute cheti cha ng'ambo chenye muhuri mkubwa. Nasi fedha zetu za mwaka huu hazitoshi yote.

Ndugu zangu, mimi ni karani, na vyeti vya watu hupita mkononi mwangu kila siku. Nimejifunza jambo moja juu yavyo. Neno shahada katika lugha yetu maana yake ya asili ni ushuhuda. Karatasi ile ni shahidi, na shahidi hatumwulizi amevaa nini, bali twamwuliza ameona nini. Kwa hiyo tusiulize ni cheti gani kilicho kikubwa. Na tuulize: mwenzetu ataka kushuhudiwa kwa jambo gani?

La kwanza ni uhai. Katika Uingereza, ambako ufundi huu una mitihani yake, mtu hajaribiwi kwa msumeno peke yake. Yuko mtihani wa kumwokoa mwenzake aliyekwama juu ya mti. Kanuni yao ni kwamba akweapo mtu mmoja, sharti awepo mwingine chini mwenye kamba yake tayari, ajuaye kupanda na kumteremsha. Sababu yake ni wazi. Mtu aliyezimia huku ananing'inia katika mkanda aweza kufa hata kama hana jeraha kubwa, kwa kuwa damu hutuama miguuni. Tena msumeno ukimkata, damu haitangoja gari la wagonjwa lipite katika msongamano wa magari. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Katika kazi hii methali hiyo haifai. Aliye juu akiumia, usimngoje: mpandie.

Basi nashauri fedha za kwanza ziende katika mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha, na katika mafunzo ya kazi za juu na uokoaji kwa kamba. Lakini mwenzetu awe macho. Mafunzo ya namna hii mara nyingi hutungwa kwa ajili ya minara na majengo. Kabla ya kulipa, amwulize mwalimu: "Je, umepata kumteremsha mtu kutoka mtini?" Jibu likiwa si wazi, atafute mwalimu mwingine.

Najua liko neno linalonong'onwa, nami nitalisema waziwazi. Kijana amshikiaye fundi wetu kamba si mwanachama, na wengine wauliza kwa nini Chama kimlipie mgeni. Nawajibu kwa heshima: yule mgeni ndiye atakayemteremsha mtoto wetu. Kumfundisha aliye juu, tukamwacha aliye chini bila kujua lolote, ni kununua nusu ya daraja.

La pili ni macho ya kuujua mti. Hapa wakongwe wa kazi hii huudhika, maana wao wamekata tangu ujana. Lakini hata walioitangulia kazi hii duniani walipaswa kujifunza upya. Alikuwako Mmarekani, Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2006, akafanya kazi ya utafiti katika idara ya misitu ya nchi yake. Alipasua miti kwa maelfu kwa urefu wake ili atazame ndani. Akaona kwamba mti hauponi kama mwili wetu uponavyo. Hauifanyi upya nyama iliyoharibika, bali huizungushia ukuta mahali palipooza na kuendelea kukua kwa nje. Kwa hiyo tawi likatwapo sambamba kabisa na shina, ule uvimbe ulio mwanzoni mwa tawi huondolewa, nao ndio ulinzi wa mti. Na rangi au lami ipakwayo juu ya kidonda haizuii kuoza, ingawa mafundi wengi wameipaka kwa miaka mingi wakidhani wanatibu.

Faida yake kwa fundi ni kubwa, wazee wangu. Mti uliokatwa vichwa vyote huchipuza machipukizi mengi yasiyoshika imara, na baada ya miaka michache huwa na hatari kuliko mwanzo. Mwenye nyumba amelipa, naye amenunua hatari. Tena fundi asiyejua kuona dalili za kuoza chini ya shina atajifunga kamba katika mti ambao hauwezi kujibeba wenyewe. Macho haya nayo huokoa uhai.

Elimu hii mwenzetu aweza kuipata pasipo kuacha kazi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1924, hutoa cheti kwa mtu mwenye miaka 3 ya kazi hii aliyefaulu mtihani wao wa maandishi. Miaka hiyo sharti ithibitishwe, basi mwenzetu na aanze leo kuweka daftari la kazi na barua za wateja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ajue pia kwamba mtihani utamtaka Kiingereza kizuri, na kwamba cheti hudumu miaka 3 tu, kisha hufanywa upya kwa kuonyesha kwamba mtu ameendelea kusoma. Wala hakishuhudii kwamba mtu ajua kukwea. Hushuhudia kwamba ajua mti.

Kuhusu Londiani, sina neno baya. Ni chuo cha heshima, na atakaye kutunza msitu mzima na aende huko. Lakini msitu ni jambo moja, na mti mmoja juu ya paa la mtu ni jambo jingine.

La tatu ni sauti. Mwezi Novemba 2020, barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa Nairobi, serikali iliamuru mugumo mkubwa wa Westlands usikatwe. Mti kama huo ukiachwa kando ya ujenzi, lazima awepo mtu awezaye kuandika: mizizi hii yaweza kuguswa, ile isiguswe, na hatari yake ni hii. Yako masomo mafupi ya kupima hatari ya mti, yenye cheti chake, na Uingereza zipo stashahada za juu kwa washauri wa miti. Siku mwenzetu atakapoandika taarifa ikapokelewa na mwenye mali na shirika la bima, ataweza kuishi kwa ufundi wake hata magoti yakichoka. Lakini asiruke huko kabla ya mambo mawili ya kwanza. Masomo ya biashara nayo yana mahali pake, siku atakapoajiri watu; hapo zitamhusu sheria mbili za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa waumiao kazini.

Neno la mwisho ni juu ya wale wasio na cheti cha shule hata kimoja. Mamlaka ya serikali isimamiayo ngazi za vyeti, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, inao mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mwenzetu na aulize kama kazi yake imekwisha kuwekewa kipimo, asije akalipishwa kufundishwa anayoyajua tayari.

Bwana Mwenyekiti, pendekezo langu ni hili: mwaka huu Chama kimkopeshe fedha za huduma ya kwanza na uokoaji, yeye pamoja na mshika kamba wake. Mwaka ujao, akileta daftari lake, tumkopeshe ada ya mtihani wa elimu ya miti. Naye badala ya riba awafundishe vijana wetu wawili. Chama hiki hakijakawia hata mara moja kuchanga fedha za jeneza. Leo nawaomba tuchange za kamba.